Kichocheo kazini: namna gazi zinavyogeuza sura ya chembe za metali

Vijana wa shule huuliza mara nyingi: «Shaba na kobalti zinazotoka Katanga, malori na malori kila siku, zinakwenda kufanya kazi gani huko ng'ambo?» Mwalimu hujibu: «Zinakwenda kufanya nyuzi za umeme, na batri za telefone na za motokari.» Jibu lake ni la kweli. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika inchi yetu ya Kongo, na sehemu kubwa yake huingia katika batri. Lakini jibu hilo halijatimia. Kuna kazi nyingine ya metali, kazi ya kimya, isiyoonekana kwa macho: ndiyo kazi ya kichocheo. Mbolea ya mashamba, mafuta ya motokari, hata kusafishwa kwa moshi wake, vyote hivi hupita mkononi mwa kichocheo.

Vitabu vingi vya shule vinafundisha kwamba kichocheo hufanya kazi bila kubadilika. Fundisho hilo lina ukweli ndani yake, lakini likishikwa vibaya linapoteza mtu. Siku hizi wenye elimu wamepata vyombo vya kukitazama kichocheo kinapofanya kazi, nao wameona jambo ambalo zamani walilikisia tu: chembe ndogo ya metali haibaki na sura moja. Gazi zinazoizunguka huigeuza. Tena ikiwa chembe ni mchanganyo wa metali mbili, gazi huvuta metali moja kuja juu, na nyingine hurudi ndani. Jambo hilo tunataka kulieleza hapa, polepole, hatua kwa hatua.

I. Wazee wetu walilijua kwa mikono

Mbele ya Wazungu kufika, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kufanya ile misalaba ya shaba iliyotumika kwa biashara na kwa mahari. Watu waliwaita «walaji wa shaba». Mgr de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika habari zao katika mwaka wa 1926. Walichukua mawe ya kijani, wakayapanga pamoja na makala katika tanuru, wakavuta mivukuto.

Nini iliyotenganisha shaba na jiwe? Si moto peke yake. Makala yakiwaka mahali penye hewa kidogo hutoa gazi inayoitwa oksidi ya karboni, nasi tutaiandika kama wenye elimu wanavyoiandika: CO. Ndiyo gazi ileile inayoua watu wanaolala na mbabula katika nyumba iliyofungwa. Gazi hiyo ina njaa ya oksijeni. Katika tanuru iliinyang'anya mawe oksijeni yake, na shaba ikabaki peke yake. Lakini shaba iliyoyeyuka ikikaa katika hewa bila kufunikwa na makala, huvuta oksijeni tena, nayo hupoteza uzuri wake na kuvunjika upesi.

Basi mafundi wale walijua kwa mikono yao kwamba metali yenye joto haikai peke yake. Gazi iliyo karibu nayo ina neno juu yake. Jambo lililoonekana katika tanuru kubwa, leo linaonekana katika chembe ambayo jicho haliwezi kuiona kabisa.

II. Kichocheo ni mshenga

Tuseme kwanza maana ya kichocheo. Katika mwaka wa 1823, huko Jena katika inchi ya Ujerumani, mwalimu mmoja, jina lake Johann Wolfgang Döbereiner, alipuliza hidrojeni juu ya platini iliyo laini kama sifongo. Mara moja hidrojeni ikawaka, pasipo kiberiti. Platini haikuungua, wala haikupungua. Katika mwaka wa 1835 Jöns Jacob Berzelius, mtu wa Swedeni, aliyapa mambo ya namna hiyo jina moja la Kigiriki, ndilo linalotumika mpaka leo katika Kifransa: catalyse.

Mfano wetu ni mshenga. Jamaa mbili zinatazamana kwa mbali, hakuna anayethubutu kusema neno la kwanza. Mshenga anakwenda kwa hawa, anakuja kwa wale, ndoa inafungwa. Yeye mwenyewe haolewi wala haoi. Kiisha anakwenda kuwapatanisha wengine. Ndivyo platini inavyofanya: hidrojeni na oksijeni zinakaa juu ya uso wake, zinaachia vifungo vyao vya kwanza, zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa maji, kiisha zinaondoka. Platini inabaki, tayari kwa wengine.

Lakini mwenye kuujua ushenga anafahamu kwamba mshenga haingii nyumba zote na uso mmoja. Kwa wazee ana kituo, kwa vijana ana mzaha. Ni mtu yuleyule, lakini namna yake inafuata nyumba aliyomo. Tushike mfano huu, tutaurudia.

III. Udogo wa chembe

Gazi haiingii ndani ya kipande cha metali kama maji katika sifongo. Inakutana na atomu zilizo juu tu. Katika kipande cha platini cha gramu moja, karibu atomu zote zimo ndani, zimelala bure kama fedha iliyozikwa. Platini ina bei kubwa sana. Ndiyo sababu wenye viwanda huigawanya kuwa chembe ndogo sana na kuzitawanya juu ya unga wa kitu kingine cha bei rahisi, ambacho ni kama shamba lao.

Ndogo kadiri gani? Chukua milimeta moja, uigawanye mara 1.000.000. Kila sehemu inaitwa nanometa. Chembe za vichocheo nyingi zina upana wa nanometa 2 mpaka 20. Tuhesabu kidogo. Tukipanga atomu 923 tabaka juu ya tabaka, sawasawa kama machungwa sokoni, kuizunguka atomu moja ya katikati, atomu 362 zitakuwa juu, maana yake 39 katika kila 100. Tukipanga atomu 147 tu, 92 zitakuwa juu. Basi chembe ikiwa ndogo sana, karibu yote ni ngozi. Na kitu ambacho karibu chote ni ngozi, hakiwezi kukosa kusikia kinachokigusa.

IV. Chembe ina nyuso

Pengine mtu anafikiri kwamba chembe hizi ni za mviringo kama tone la maji. Sivyo. Metali ni kristali: atomu zake zimepangwa kwa safu, na mwisho wa safu huwa ni uso bapa.

Katika shaba, platini, paladiumu, rodiumu na zahabu, kila atomu iliyo ndani ina jirani 12 wanaoigusa. Atomu iliyo juu imekosa baadhi ya jirani zake. Hapa sharti tuangalie vizuri. Kuna nyuso ambazo atomu zake zimesongamana sana: kila moja ina jirani 9. Kuna nyuso nyingine za mraba: kila atomu ina jirani 8. Penye ukingo wa uso mmoja na mwingine, atomu ina jirani 7 tu. Na penye pembe, 6 ao hata pungufu. Kukosa jirani ni hasara, na kila kitu hutafuta hasara ndogo. Kwa hiyo chembe iliyo peke yake hupanua nyuso zenye hasara kidogo na hupunguza nyuso zenye hasara kubwa. Mrusi mmoja, Georg Wulff, alionyesha kanuni hiyo katika mwaka wa 1901. Ukiifuata, chembe ya metali hizi, ikiwa mahali pasipo hewa, inaelekea sura yenye nyuso 8 za pembe sita na nyuso 6 ndogo za mraba.

Basi hesabu hiyo ni ya chembe iliyo peke yake. Tuingize gazi, tuone.

V. Gazi inapofika

Atomu iliyokosa jirani ni kama mtu mwenye mkono usioshika kitu. Gazi ikifika, mkono huo unaishika. CO, kwa mfano, hushika kwa nguvu atomu zilizokosa jirani wengi kuliko zile zilizosongamana. Kwa kushikwa hivyo, uso uliokuwa na hasara kubwa unapata kitulizo, na hasara yake inapungua. Sasa hesabu imegeuka. Uso uliokuwa mdogo kwa sababu ulikuwa ghali, unaweza kupanuka, kwani gazi imelipa sehemu ya deni lake.

Mtu atauliza: «Metali ni ngumu, atomu zake zinapitaje toka uso mmoja kwenda mwingine?» Jibu: kazi ya vichocheo hufanyika mara nyingi katika joto la degre mia mbili, tatu, ao zaidi. Katika joto hilo chembe haijayeyuka, lakini atomu za juu, zaidi zile za pembe na za ukingo, zinatembea juu ya uso. Zinatoka mahali pamoja, zinakaa mahali pengine. Ndivyo sura inavyogeuka. Tena katika hali nyingi, gazi ikiondolewa, chembe inarudia sura yake ya kwanza.

VI. Namna ya kuliona jambo hilo

Kulisema ni rahisi, kuliona kulichukua miaka mingi. Mwangaza wa kawaida hauwezi kuonyesha atomu. Katika mwaka wa 1931, huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza mikroskopi ya kwanza inayotumia elektroni mahali pa mwangaza; Ruska alipata zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo katika mwaka wa 1986. Lakini elektroni hazipiti vizuri katika hewa: zinagonga gazi na kutawanyika. Kwa hiyo ndani ya mikroskopi sharti hewa yote ivutwe, pabaki utupu. Basi wenye elimu walikuwa wakitazama kichocheo katika utupu, ambamo hakina kazi, na kwa sura ile wakakisia habari za kazi yake. Walikuwa kama mtu anayetaka kujua namna samaki anavyoogelea kwa kumtazama akiwa amelala juu ya ubao wa sokoni.

Walipata njia mbili za kuondoa shida hii. Njia ya kwanza: kuachia gazi kidogo karibu na chembe tu, na kuweka pampu zenye nguvu zinazoinyonya upesi mbele haijaenea katika mikroskopi nzima. Njia ya pili: kufungia chembe na gazi yake katika kisanduku kidogo sana chenye madirisha membamba, upana wa nanometa makumi tu, ambayo elektroni zinaweza kuyapita. Kwa njia hiyo ya pili gazi inaweza kuwa na msongo kama ule wa hewa tunayoivuta.

Tutoe mfano mmoja wa shaba. Katika mwaka wa 2002 wenye elimu wa Denmark walitangaza walivyotazama chembe za shaba zilizokaa juu ya oksidi ya zinki. Ni kichocheo cha aina ileile inayotumika katika viwanda vya metanoli. Waliipasha joto la degre karibu 220. Katika hidrojeni peke yake chembe zilikuwa na nyuso bapa zilizo wazi. Walipotia mvuke wa maji pamoja na hidrojeni, chembe zikawa za mviringo zaidi. Walipoondoa maji na kutia CO pamoja na hidrojeni, chembe zikalala, zikawa bapa kama sahani juu ya oksidi ya zinki. Waliporudisha gazi ya kwanza, sura ya kwanza ikarudi.

Angalieni vizuri jambo hili la mwisho. Kulala kwa chembe hakukuletwa na gazi kugusa shaba tu. Gazi iligeuza pia mshikamano kati ya shaba na oksidi ya zinki iliyo chini yake. Shaba ilipowekwa juu ya silika, kitu ambacho ndicho mchanga mweupe umefanywa nacho, kiti hicho hakikuwa na neno kubwa juu ya sura yake. Maana yake, chembe husikiliza gazi iliyo juu yake, na pengine husikiliza vilevile kiti inachokalia.

VII. Metali mbili katika chembe moja

Sasa tuje kwenye michanganyo. Wenye viwanda hupenda kuchanganya metali mbili kwa sababu mbili: kupunguza ile ya bei kubwa, na kupata nguvu ambayo hakuna hata moja inayo peke yake. Hapa gazi haigeuzi umbo la nje tu. Inachagua nani akae mlangoni na nani akae chumbani.

Kanuni ni rahisi. Mahali pasipo gazi, metali ambayo haioni hasara kubwa kukosa jirani ndiyo inayopanda juu. Gazi ikiingia, metali inayoshikana nayo kwa nguvu zaidi ndiyo inayovutwa. Chukueni mchanganyo wa zahabu na paladiumu. Katika utupu zahabu hupenda kukaa juu. Ikija CO, paladiumu hupanda, kwa sababu CO inashikana na paladiumu kuliko na zahabu.

Mfano wa pili ulitangazwa katika mwaka wa 2008 na wenye elimu wa Berkeley, katika Marekani. Kati yao walikuwamo Gabor Somorjai na Miquel Salmeron. Walitumia miali ya X kuhesabu atomu zilizo karibu na uso wa chembe za rodiumu na paladiumu, nusu kwa nusu, zenye upana wa nanometa karibu 15. Waliziweka katika joto la degre 300. Walipoingiza oksidi ya azoti, ambayo hutoa oksijeni, rodiumu ikaja juu, kwani rodiumu hushikana na oksijeni kwa nguvu kubwa. Walipoongeza CO, ambayo huondoa oksijeni ile, rodiumu ikarudi ndani na paladiumu ikapanda. Walipoondoa CO, rodiumu ikaja juu tena. Yote hayo bila kuifungua chembe, bila kuiyeyusha: ni kubadilisha gazi tu.

Kiisha wakafanya vilevile na chembe za platini na paladiumu. Gazi zilezile, joto lilelile. Lakini hizo hazikugeuka sana: paladiumu ilibaki juu wakati wote.

Mfano wa tatu unatugusa sisi watu wa Kongo, kwa sababu ya kobalti. Mchanganyo wa platini na kobalti unatumika katika mashini zinazounganisha hidrojeni na oksijeni ili kutoa umeme, na kuna motokari zinazoendeshwa kwa mashini hizo. Katika mwaka wa 2014 ilitangazwa kazi ya wenye elimu wa Marekani waliotazama chembe hizo kwa mikroskopi ya elektroni. Katika oksijeni yenye joto, kobalti ilitoka ndani, ikaja juu, ikafanya oksidi yake juu ya platini. Katika hidrojeni, kobalti ilirudi ndani, na platini ikatokea tena juu. Chembe ni ileile, atomu ni zilezile kwa hesabu, lakini ngozi ni nyingine; na katika kichocheo, ngozi ndiyo inayofanya kazi.

VIII. Faida na hatari

Mtu atasema: «Haya ni mambo ya laboratwari. Yatufaa nini?» Tumjibu kwa mifano mitatu.

Wa kwanza: moshi wa motokari. Katika bomba la moshi la motokari za siku hizi kuna chombo chenye platini, paladiumu na rodiumu. Kazi yake ni kugeuza CO kuwa gazi isiyoua hivyo, kuunguza mabaki ya mafuta, na kurudisha oksidi za azoti kuwa azoti, ile iliyojaa katika hewa. Lakini gazi za moshi hazibaki sawa: mara oksijeni imezidi, mara mafuta yamezidi. Basi ngozi ya chembe inageuzwa kila mara. Fundi anayechagua mchanganyo kwa kutazama sura yake katika utupu anaweza kukosea kabisa.

Wa pili: kichocheo kinachobadilisha mwendo. Katika mwaka wa 2014 ilitangazwa pia habari ya chembe za platini zilizotazamwa wakati zilipounganisha CO na oksijeni, chini ya msongo sawa na wa hewa yetu. Kazi ilikuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, kwa zamu. Wakatazama sura: nayo ilikuwa ikigeuka kwa zamu zilezile, mara ya mviringo zaidi, mara yenye nyuso bapa zaidi. Kumbe gazi inageuza sura, sura inageuza kazi, na kazi inageuza gazi iliyo karibu. Na mzunguko unaanza tena.

Wa tatu: kuzeeka kwa kichocheo. Atomu zinazotembea hazitembei kwa faida tu. Chembe ndogo zinaweza kuungana na kuwa kubwa. Uso unapungua, na mali inapotea. Katika zile mashini za hidrojeni, kobalti ikija juu inaweza kuliwa na asidi, na kichocheo kinadhoofika. Kwa hiyo mafundi hujifunza kuitayarisha chembe mbele ya kazi, ili platini iwe kama ganda na kobalti ikae ndani ya ganda hilo. Tena kuna waliogeuza hatari kuwa faida. Katika mwaka wa 2002 mafundi wa Japani, wa kiwanda cha Daihatsu, walionyesha kichocheo cha oksidi yenye lantani, chuma, kobalti na paladiumu. Oksijeni ikizidi katika moshi, paladiumu inaingia ndani ya kristali ya oksidi. Oksijeni ikipungua, paladiumu inatoka tena katika chembe ndogo za metali. Kwa kuingia na kutoka hivyo haipati nafasi ya kuungana na kuwa kubwa. Inapumzika chumbani, inarudi kazini ikiwa mpya.

IX. Neno kwa wanafunzi wa falsafa

Ndugu waseminari, pengine mmekwisha kujiuliza: «Kitu kinachogeuka hivi, bado ni kitu kilekile?» Msitikisike. Kilichogeuka ni umbo na mpango wa atomu, mambo yanayoweza kuja na kuondoka. Kiini cha atomu ya shaba kina protoni 29, cha kobalti 27, cha platini 78. Hakuna gazi yoyote kati ya hizi tulizozitaja inayoweza kuongeza ao kupunguza hata moja. Shaba iliyolala kama sahani ni shaba, na shaba iliyosimama na nyuso zake ni shaba. Ndiyo maana vitabu vya shule havikusema uongo: kichocheo hakiliwi na kazi yake. Kosa ni kufikiri kwamba kitu kisicholiwa ni kitu kisichoguswa.

Angalieni tena neno lile mnalofundishwa: kinachopokelewa hupokelewa kadiri ya hali ya mpokeaji. Gazi zilezile ziligeuza ngozi ya rodiumu na paladiumu, zikashindwa kugeuza ile ya platini na paladiumu. Gazi peke yake haielezi jambo. Metali peke yake haielezi jambo. Sharti kuzitazama zote mbili pamoja, na kiti kilicho chini vilevile.

Kwa mapadri na makatekista tungeongeza onyo moja. Msichukue habari hizi upesi mimbarini na kusema kwamba mtu naye hugeuzwa na mazingira yake kama chembe ya metali. Chembe haina akili wala hiari. Mtu anavyo, tena ana neema. Mfano ukivutwa kupita kadiri, unakatika. Lakini funzo moja linabaki halali, nalo ni la namna ya kujua. Wenye elimu walikosea kwa miaka mingi si kwa uvivu, bali kwa sababu walikihukumu kitu cha kazi kwa kukitazama mahali pasipo kazi. Nasi tunaowalea vijana tunafanya hivyo mara nyingi: tunampima kijana katika ukimya wa seminari, tunaandika shauri letu, tunafunga daftari. Yafaa kumwona pia katika parokia, kati ya wagonjwa, katika soko, mahali penye joto na watu wa kila namna. Hapo tutajua kinachokuja juu kwake na kinachobaki ndani.

Basi, mwalimu, siku nyingine kijana akikuuliza malori yale yanapeleka nini, umwambie habari za batri, kwani ni za kweli. Kiisha umwongezee: kobalti nyingine na shaba nyingine zinakwenda kugawanywa kuwa chembe ambazo hakuna jicho linaloziona, ziwekwe kati ya gazi na gazi, ziwe washenga. Umwambie kwamba mafundi wa zamani wa inchi hii walijua kusikiliza metali na hewa zikisemezana katika tanuru. Naye, akisoma kwa bidii hesabu, fizika na kemia, anaweza kuwa mmoja wa wale wanaozisikiliza leo, katika laboratwari ya hapa kwetu, si ng'ambo tu.